Umeniuliza Pikipiki, Nakujibu Buti

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili kwa furaha: hatimaye na wewe unataka kuingia motokrosi, mbio zetu za pikipiki kwenye njia ya udongo na matuta! Ila kurasa tatu nzima umenisimulia pikipiki ya cc 450, rangi yake, mlio wake. Buti hukuzitaja hata kwa bahati mbaya. Basi naanzia huko.

Pesa uliyonayo igawe kuanzia kichwani kushuka miguuni, na itakayobaki ndiyo ya pikipiki. Helmeti iwe ya motokrosi, yenye alama ya usalama ya ECE au DOT, tena mpya. Usikubali kuuziwa iliyokwishavaliwa na mtu, maana ikigonga chini kwa nguvu hata mara moja, povu la ndani hubonyea lisirudi, na nje unaweza usione kitu. Ivae, funga mkanda, kisha jaribu kuizungusha kwa mikono. Mashavu yakiifuata, hiyo ni saizi yako. Buti ziwe ngumu, zifike karibu na goti. Najua ulinicheka uliponiona natembea nazo kama bata, lakini siku mguu wako utakaponasa kwenye mfereji wa kona huku pikipiki inakulalia, utanielewa. Kinga ya kifua na mgongo, ya magoti, miwani na glavu, hivyo havina mjadala.

Hiyo 450 achana nayo kwa sasa. Mtu mgeni akishtuka hukaza mkono, na mkono ukikaza huku mwili unavutwa nyuma, mafuta yanafunguka zaidi badala ya kufungwa. Kwenye 450 huo ndio mwisho wa maelezo. Hata 250 za mashindano ni kali. Mabingwa wa dunia wa MX2, daraja lililo chini ya lile la 450, wanashindana kwa hizo hizo. Tafuta ndogo, tulivu, ambayo ukiikalia miguu inagusa chini.

Kisha tafuta mwalimu. Atakuchosha na mambo usiyoyapenda: kusimama juu ya vikanyagio, kubana pikipiki kwa magoti, viwiko nje, macho mbele na si kwenye tairi, kumaliza kufunga breki kabla kona haijaanza. Matuta anza na yale bapa juu, ambayo ukishindwa kuvuka unatua palepale kwenye ubapa. Yenye shimo katikati yasubiri. Na usifunge mafuta ghafla ukiwa ukingoni mwa tuta unaporuka, pikipiki itatangulia kwa pua.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikukuandikia wakati ule. Uliambiwa nilivunjika mtulinga kwa kuteleza. Si kweli. Yalikuwa mashindano yangu ya pili, nikimfukuza jamaa mmoja kwa ushindani uliokuwa kichwani mwangu tu, na kwenye tuta mshika bendera alikuwa anapunga ya njano. Niliiona. Nikaruka. Nikiwa hewani ndipo nikamwona kijana ameinama upande wa pili, anainua pikipiki yake. Nilijipinda nikamkosa kwa kiasi cha mkono mmoja, nikaangukia bega. Jioni alikuja hospitali kunijulia hali, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo jifunze bendera kabla ya kujifunza kuruka. Njano ikipungwa, punguza mwendo, usiruke, usimpite mtu. Nyeupe yenye msalaba mwekundu, watoa huduma ya kwanza wako ndani ya njia ya mbio. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Ya bluu, wenye kasi waliokuzidi karibu mzunguko mzima wanakuja kukupita: shika mstari wako, usiyumbe kuwapisha. Ukianguka na unaweza kusogea, toka njiani kwanza, pikipiki itafuatwa. Mwenzako akilala bila kusogea, usimvue helmeti, waachie wenye kazi yao. Ukigonga kichwa, hata ukijisikia mzima, siku hiyo imeisha, na hurudi mpaka daktari akuruhusu.

Mashindano ya kwanza, chagua geti la pembeni pale mnapojipanga kuanza. Pikipiki hata 40 zinaweza kukimbilia kona moja kwa pamoja. Waache wagombanie, wewe pita nyuma yao. Asubuhi yake kagua cheni, spoki, upepo na breki. Ukifika uwanjani usione gari la wagonjwa, geuza urudi nyumbani. Na mazoezi ya peke yako hapana, hata ya nusu saa.

Buti zangu za zamani bado nzima, na miguu yetu ni 43 wote wawili. Nitakuja nazo Jumamosi. Helmeti utanunua mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.

N.B. Kama hiyo 450 umeshailipia, usiiwashe mpaka nifike.