Hela za roketi zinabaki hukuhuku chini

Shabani mambo vipi, huku Kigoma tupo, mvua tu inatusumbua. Ile hoja yako ya kwenye simu, eti Wamarekani wanachoma hela angani huku watu wana njaa, bado haijaniingia kaka.

Kwanza hela hazipakiwi kwenye roketi bana. Enzi za Apollo, zile safari za Wamarekani kwenda mwezini, kulikuwa na watu kama laki nne kazini, mainjinia, wachomeleaji, mpaka akina mama wa cherehani walioshona suti za kuendea mwezini, wote wanalipwa wanakula wanajenga, kilichoungua ni mafuta tu. Na mwaka 1966 NASA, shirika lao la anga, ilichukua asilimia 4 na kitu ya bajeti ya serikali yao, siku hizi haifiki hata nusu asilimia, sasa hiyo njaa unayosema ingeishaje kwa hicho?

Alafu sisi tunakula bure! GPS, ile inayokuonyesha ulipo kwenye simu, ni setelaiti za jeshi lao, ya kwanza ilirushwa 1978, na mpaka Mei 2000 walikuwa wanaichezea makusudi ili raia asijue sawasawa sehemu alipo. Leo wavuvi wa Kibirizi wapo ziwani usiku, giza totoro, wanafungua simu wanarudi moja kwa moja, petroli inabaki kwenye dumu. Faida hiyo hakuna mhasibu wa Washington anayeiandika popote.

Na nyie wa Tabora msijitoe, picha za Landsat, setelaiti zao za kupiga picha ardhi, zipo tangu 1972, zilipokuwa zinauzwa ghali wenye nazo walikuwa wachache, 2008 wakaziachia bure ndo matumizi yakalipuka. Mtu anakaa tu na kompyuta anaona msitu wa miombo ulivyoliwa na kuni za kukaushia tumbaku, mwaka kwa mwaka.

Ila porojo nazo zipo. Akikwambia mtu teflon, ile ya kwenye kikaangio inayozuia chakula kugandia, ililetwa na NASA mkatalie, iligunduliwa 1938, NASA yenyewe imeanzishwa 1958.

Mi sisemi Tanzania tununue roketi, hapana. Wakenya 2023 wamerushiwa Taifa-1, setelaiti yao ya kupiga picha ardhi, safi, lakini picha bila wa kuzisoma ni mapambo, kwahiyo sisi tuanzie kusomesha vijana kwenye hizo data za bure. Mdogo wako anayemaliza form six, kama anaipenda jiografia usimkatishe tamaa na maneno yako hayo ya njaa, mpe namba yangu anipigie.