Harambee ya chumba cha kujifungulia: mifuko ya kupimia damu, masanduku ya dharura na mazoezi ya zamu

Wapendwa washarika, majirani, na ndugu zetu mlio mbali, Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya afya ya usharika inawaomba mchango kwa ajili ya chumba cha kujifungulia cha kituo chetu cha afya. Tunataka mifuko 800 ya kupimia damu anayovuja mama baada ya kujifungua, masanduku mawili ya dharura, na vifaa vya mazoezi ya wakunga ya mwaka mzima. Fedha za semina hatuombi. Semina zimefanyika nyingi, posho zimelipwa, vyeti vimebandikwa ukutani.

Mama akishajifungua, damu inaingia kwenye khanga, nyingine inachanganyika na maji ya uzazi, nyingine inatuama chini ya mgongo wake asipoiona mtu. Mkunga anakadiria kwa macho, na macho huelekea kupunguza, hasa damu inapokuwa nyingi. Kwa miaka mingi kipimo cha kuanza kushtuka kilikuwa mililita 500. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri matibabu yaanze mapema zaidi, kwenye mililita 300, iwapo mapigo ya moyo yamepita 100 kwa dakika au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100. Ushauri mzuri, lakini mililita 300 hazionekani kwenye khanga iliyolowa.

Dawa zenyewe zinajulikana. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, ikitolewa ndani ya saa 3 hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Kila dakika 15 za kuchelewa hula takriban sehemu moja ya kumi ya faida hiyo. Kwa hiyo swali lililobaki ni kwa nini mkunga anayeijua dawa hii haitoi kwa wakati.

Hapo ndipo inapoingia nadharia ya mabadiliko ya tabia. Mwaka 2011 Susan Michie na wenzake, wa chuo kikuu cha University College London, waliandika kwamba ili mtu atende jambo lazima awe na vitu vitatu: uwezo, nafasi na msukumo. Semina hugusa uwezo peke yake. Mkunga aliyefunzwa vizuri, ambaye kabati la dawa limefungwa na ufunguo umeondoka na mkuu wa wodi saa kumi jioni, hana nafasi. Na asiyewahi kuambiwa zamu yake imefanyaje hana msukumo wa kuacha mazoea.

Utafiti uitwao E-MOTIVE ulijengwa juu ya fikra hiyo, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yake yakatoka mwaka 2023. Hospitali zilizopewa mifuko ya kupimia, hatua zote za tiba kama fungu moja, sanduku, mazoezi na kinara wa kusukuma kazi ziligundua asilimia 93 ya waliovuja damu kupita kiasi. Zilizobaki na utaratibu wa kawaida ziligundua asilimia 51. Fungu zima la tiba lilitolewa kwa asilimia 91 upande mmoja, asilimia 19 upande wa pili. Madhara makubwa, yaani kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo kinachotokana nayo, yalipungua kwa asilimia 60. Haikugunduliwa dawa mpya hata moja.

Mfuko wenyewe ni karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mama, ncha yake ikining'inia kitandani kama bomba la kumiminia lililozibwa chini, lenye mistari ya mililita. Unawekwa mara tu mtoto anapotoka. Ukiwekwa mapema unakusanya maji ya uzazi na mkojo, na kipimo kinadanganya. Kitanda kiinamishwe kidogo kuelekea mfukoni, la sivyo damu inabaki mgongoni. Mfuko ukae saa nzima, na kila dakika 15 mkunga asome mstari, apime mapigo na presha, na aguse tumbo kuona kama mfuko wa uzazi umeshika, yaani umekaza.

Ukivukwa mstari, yaani 300 pamoja na dalili zile za mapigo au presha, la sivyo 500, kazi zote zinaanzishwa pamoja ndani ya dakika 15: kukanda mfuko wa uzazi dakika moja au mpaka ushike, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 kwenye mshipa, kisha yuniti 20 ndani ya lita moja ya dripu kwa saa 4, traneksamiki gramu 1 ipite polepole kwa dakika 10, kibofu kimwagwe, njia ya uzazi ichunguzwe kama imechanika au kondo limebaki. Damu isipokoma, anaitwa daktari na gari la rufaa linawashwa.

Kila sanduku litakuwa na oksitosini ya kutosha wazazi wawili, vichupa 4 vya traneksamiki vya miligramu 500 kimoja, kanula (mirija midogo ya kuingiza dawa mshipani) 2 za kijivu na 2 za kijani, chupa 2 za dripu na mirija yake, mpira wa mkojo na glovu. Oksitosini hulala kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiwa na kibandiko cha sanduku. Ikiachwa kwenye joto hupoteza nguvu bila kubadilika rangi. Traneksamiki ikae mbali kabisa na dawa za ganzi ya uti wa mgongo, kwa kuwa vichupa hufanana na kosa hilo limeshaua watu kwingineko. Aliyetumia ndiye anayejaza, kabla ya kukabidhi zamu, na anatia sahihi. Masanduku mengi hufa kwa kukosa kanuni hii tu.

Mazoezi ni ya dakika 15 kila wiki, wodini, hata zamu ya usiku. Kinara atachaguliwa miongoni mwa wakunga wanaozunguka zamu, asiwe bosi. Ubao utaonyesha kila mwezi waliojifungua, waliovuka mstari, na waliopata hatua zote. Kamati imekubaliana na mganga mfawidhi kwamba ubao huo hautatumika kumfokea mtu. Siku ukitumika hivyo, 300 zote zitaandikwa 250.

Hesabu ya mifuko ni ya wazazi 60 kwa mwezi, 720 kwa mwaka, na 80 za akiba. Ankara tatu za wauzaji zimebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usharika, na kila malipo yanahitaji sahihi za watu watatu. Kadi za ahadi ziko kwa wazee wa kanisa. Namba ya malipo imeandikwa nyuma ya kadi. Fedha zikizidi zitanunua mifuko zaidi.

Harambee ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Tutamwaga juisi ya rozela juu ya khanga mbele ya wote, kila mtu aandike anadhani ni mililita ngapi, kisha tutamwaga kiasi kilekile kwenye mfuko. Mwenye khanga kuukuu mbili, azilete siku hiyo.