Malalamiko kuhusu vipuri vya Golf GTI Mk2 visivyolingana na oda

Shela, Malindi.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Vipuri,
Mombasa.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: DISKI ZA BREKI, GASKETI NA BOLTI ZA HEDI, NA SHINGO YA TANGI LA PETROLI

Tunaandika kuhusu mzigo mliotutumia kwa basi. Risiti na picha za kila kipuri tumeziambatisha. Gari ni Volkswagen Golf GTI Mk2 (toleo la pili la Golf, aina ya kasi) ya 1988, valvu 8, cc 1781, alama ya injini PB, na linafufuliwa nyumbani hapa Malindi kuanzia bodi hadi injini. Oda yetu ilitaja yote hayo pamoja na nambari ya chasi. Hata hivyo, kati ya vipuri vinne vikubwa mlivyoleta hakuna hata kimoja kinachofaa kufungwa. Tulipopiga simu, karani wenu alijibu kwamba Golf ni Golf, fundi atajua la kufanya. Kwa jibu hilo imebidi tueleze kipuri kimoja kimoja, ili mwone fundi anaachiwa nini.

Tuanze na breki, maana hapo pana roho za watu. Diski za mbele za GTI hii zina kipenyo cha milimita 239 na unene wa milimita 20, na katikati zina uwazi wenye mapezi ya kupitisha hewa. Mlizoleta zina kipenyo hicho hicho cha 239 na matundu yale yale manne ya bolti, lakini ni chuma kitupu kisicho na uwazi, unene milimita 12. Hizo ni za Golf ya kawaida. Zinaingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) bila taabu yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo: fundi asiye na venia, kifaa cha kupimia unene, atazifunga, atakanyaga pedali, ataona breki zinashika, kisha atamkabidhi mwenye gari ufunguo.

Kalipa ya GTI, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imetengenezewa diski ya milimita 20. Ikipewa ya 12, pistoni yake italazimika kutoka milimita 8 zaidi hata pedi zikiwa mpya kabisa. Pedi zikiendelea kulika, pistoni inaweza kutoka nje ya sili yake, mafuta ya breki yakamwagika na pedali ikazama hadi sakafuni. Halafu kuna suala la joto. Injini hii ina nguvu za farasi 112, na mapezi yale yamewekwa ili diski ipoe kati ya breki moja na nyingine. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa ni tambarare, lakini ina matuta na matatu za kusimama ghafla, na diski isiyo na uwazi hupata moto haraka hadi pedi zinaanza kuteleza.

Unene wa chini kabisa wa diski za GTI kabla ya kutupwa ni milimita 18. Zile kuukuu zilizotoka kwenye gari hili zilisoma 18.4. Kwa hiyo mpya mlizotuuzia ni nyembamba kuliko zilizochakaa! Karani alipendekeza tuweke kipande cha bati nyuma ya pedi kujaza nafasi. Ushauri huo msimpe mteja mwingine yeyote. Bati hilo halina kitu cha kulishikilia. Litahama, litapinda kwa joto, na siku likichomoka pengo litarudi lile lile wakati mguu uko kwenye pedali.

Gasketi ya hedi, yaani ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini) iliyo chini yake, nayo si ya injini ya petroli. Ni ya dizeli ya 1.6. Vipengo vya pembeni vinavyoonyesha unene vinaitambulisha, kwa sababu dizeli huchaguliwa gasketi kwa unene kulingana na pistoni zinavyochomoza. Ukiitazama kijuujuu inafanana na yetu kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja. Ila silinda za 1.8 hii zina kipenyo cha milimita 81, na za dizeli ile ni 76.5. Ukiifunga, ukingo wa chuma wa gasketi utabaki umejitokeza ndani ya silinda pande zote. Ukingo huo utapata moto hadi uwe mwekundu na kuwasha petroli kabla ya plagi kutoa cheche. Injini itagonga, na pistoni zitatoboka.

Bolti za hedi tuliagiza kumi mpya. Zimekuja kumi, zimeoshwa, hazina pakiti wala nambari, na zimeshatumika: kwenye baadhi yao sehemu iliyo juu ya nyuzi imekonda, unaiona ukiweka bolti mbili sambamba kwenye mwanga. Bolti hizi hufanya kazi kwa kuvutika. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza newtonmita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 40, kisha 60, halafu robo mzunguko mara mbili. Robo hizo mbili ndizo zinazoivuta bolti kupita kiwango cha kurudi ilivyokuwa, ndiyo maana haitumiki mara ya pili. Iliyokwisha kuvutwa ama itakatika ikiwa ndani ya bloku, ama itashika kwa nguvu isiyo sawa na wenzake. Hapo gasketi itaungua, maji yaingie kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha oili ukute rangi ya chai ya maziwa. Kwa injini ambayo hedi yake imekwisha kupimwa na haijapinda hata kufikia milimita 0.1 inayoruhusiwa, na matundu ya bolti yamekaushwa maji na oili, kuweka bolti hizo ni kuiharibu kazi kwa makusudi.

Shingo ya tangi ni ya gari sahihi, ila imekuja chuma kitupu kilichofungwa kwenye gazeti, na kutu imeshaanza ndani kwenye kiungo cha kuchomelea. Kwenye Mk2 shingo hii hukaa nyuma ya madigadi ya kulia, mahali tope na chumvi hujikusanya, na ndiyo maana ya zamani ilioza. Nje tungeweza kuipiga praima ya zinki na rangi ya epoksi. Ndani mkono haufiki. Kutu hiyo itabanduka iangukie tangini, izibe chujio la pampu, kisha ifike kwenye injekta zinazopuliza petroli kwenye injini.

Sili za milango ni sawa, hatuna neno nazo.

Ucheleweshaji wenyewe pia ni hasara. Bloku iko wazi, na pwani hii hewa ina chumvi mwaka mzima. Kuta za silinda ni chuma. Zisipopakwa oili na kufunikwa nailoni kila mara, kutu inazishika. Tena gari la aina hii likiharibika halina mbadala wa kuagizwa, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. GTI za zamani zilizobaki nchini ni hizo hizo, na zinategemea wauza vipuri wanaosoma nambari ya kipuri badala ya jina la gari.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Kwa hiyo tunadai, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii: diski mbili za 239 kwa 20 zenye uwazi, gasketi ya injini PB, bolti kumi mpya katika pakiti iliyofungwa, na shingo ya tangi iliyopakwa dawa ya kutu ndani na nje. Kila kipuri kiandikwe nambari yake kwenye risiti. Msichoweza kukipata, mrudishe fedha yake yote pamoja na nauli ya mzigo. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka barua hii na picha zake kwa Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya watumiaji.

Tunaomba pia mwondoe diski za milimita 12 kwenye orodha yenu ya vipuri vya GTI leo hii, bila kusubiri mzozo wetu uishe. Huenda mteja mwingine ameshazinunua; mpigieni simu kabla hajazifunga.

Vipuri vyote vinne tumevirudisha kwenye katoni yake. Mtujulishe mtavichukua kwa basi lipi, kwa gharama yenu.

Wateja wenu,
Malindi.