Jumamosi tunapanda Ravello, mji mdogo wa mlimani kusini mwa Italia

Habari za jioni wapendwa. Kwanza, waliochelewa safari iliyopita wanajijua, sitaji majina. Treni ya Salerno tunaikuta stesheni saa moja na nusu asubuhi. Kutoka Salerno tunapanda boti hadi Amalfi, halafu basi dogo la kupanda mlima. Tiketi za basi tununue kule chini kabisa. Wenye kichefuchefu cha kona, kaeni mbele.

Ravello iko kama mita 350 juu ya bahari. Tunaanza na Villa Rufolo, ipo palepale kwenye uwanja wa kanisa kuu. Ni jumba la karne ya 13, na Mskoti Francis Nevile Reid ndiye aliyelifufua karne ya 19. Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, alifika hapa 1880 akasema amepata bustani ya mchawi Klingsor aliyokuwa akiitafuta kwa opera yake Parsifal. Simameni kwenye ukuta wa bustani: chini yenu kuna makuba mawili ya kanisa, msonobari mmoja uliotanda kama mwavuli, kisha bahari tupu.

Kutoka hapo, jumba la pili, Villa Cimbrone, ni mwendo wa miguu, ngazi kwa ngazi, gari haliingii. Mwisho wa bustani kuna roshani yenye sanamu za vichwa vya marumaru, nyingine nyuso zimelika kwa upepo. Mimi nitakaa hapo saa nzima, msinisumbue.

Viingilio ni viwili, kila villa na chake. Mama Zuhura, viatu vya visigino acha nyumbani tafadhali. Nani anakuja? Andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi usiku.