Barua kwa Mwanaidi kabla ya safari ya Mangaladevi

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi, na Mama Zuhura naye anakusalimu sana. Nakuandikia haraka kwa sababu ya ule ujumbe wako kwamba mtapanda Mangaladevi, lile hekalu la mlimani huko kusini mwa India, "wikiendi yoyote mkipata nafasi". Shoga, hekalu lile halina wikiendi. Hufunguliwa siku moja tu kwa mwaka, Chitra Pournami, mwezi unapokuwa mpevu katika mwezi wa Chithirai wa Kitamil. Mwaka 2024 iliangukia 23 Aprili, 2025 ikawa 12 Mei. Siku nyingine mahali pale ni msitu wa hifadhi ya chui milia ya Periyar, na askari wa misitu watawarudisha. Tazameni kalenda ya Kitamil kwanza, ndipo mpange safari.

Kutoka hapo Madurai pandeni basi la Kumily, mji ulio karibu na hekalu, kama kilomita 140, kupitia Theni, Cumbum na Gudalur, kisha kona kali za mlimani. Fikeni siku moja kabla, tena mchana, maana nyumba za wageni hujaa. Bebeni pasipoti zenyewe, nakala hazitoshi. Mwenye nyumba analazimika kumripoti mgeni wa nje serikalini ndani ya saa 24, na asipoiona viza yako hakupi chumba.

Alfajiri magari ya Jeep hujipanga Kumily mjini. Pandeni lile lenye kibali kilichobandikwa kiooni. Hukaguliwa mapema kwa sababu njia yenyewe, kama kilomita 14, ni mawe na makorongo, na gari dogo hukwama. Watu huanza kuruhusiwa saa 12 asubuhi. Miaka ya karibuni mwisho wa kupanda umekuwa saa 8:30 mchana, na giza lisimkute mtu juu, kuna tembo. Wako wanaopanda kwa miguu kutoka Paliyankudi, upande wa Tamil Nadu, kilomita 6 na ushei za mwinuko mtupu. Kulwa na magoti yake msimpitishe huko, hata akisisitiza.

Sasa maji, hapo ndipo wengi wanapokwama. Chupa za plastiki za dukani hazipiti kwenye kizuizi. Ukinyang'anywa huna chombo kingine, hata ukifika kwenye maji ya kugawiwa utakinga kwa nini? Kila mtu awe na chupa yake ya chuma. Chakula kiwe kwenye kopo la chuma au jani la mgomba, bila nyama wala samaki. Sadaka atakazobeba mwenzenu Meenakshi, yaani maua, nazi, kumkum (ule unga mwekundu wa ibada) na bangili, zitiwe kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, maana mfuko wa nailoni nao huchukuliwa. Mimi naiunga mkono sheria hii. Tembo humeza mifuko yenye harufu ya chakula.

Juu ni mita 1,337, nyasi na upepo, kivuli hakuna. Kuta ni mawe yaliyopangwa bila chokaa, nyingine zimeshaporomoka, kwa hiyo msiziegemee wala kuzikalia. Viatu huvuliwa, na jiwe la saa 6 mchana linaunguza. Vaeni soksi nene za pamba, mjitande kanga. Miezi hiyo radi hupenda kuja alasiri, basi wahini kushuka. Mtaona polisi na makuhani wa majimbo mawili, Kerala na Tamil Nadu, kwa kuwa mpaka wa pale unagombewa. Fuateni foleni mliyoelekezwa.

Na mjue mnakwenda kwa nani. Ni Kannagi, anayeabudiwa pale kama mungu wa kike, ambaye mumewe aliuawa Madurai hapo hapo mnaposoma, kwa kusingiziwa kuiba kikuku cha mguuni cha malkia. Wanasimulia kwamba alikivunja chake mbele ya mfalme, zikaruka rubi, na cha malkia kilikuwa na lulu ndani. Mji ukateketea, naye akatembea mpaka milima hii. Meenakshi akisimama kimya mbele yake, mwacheni amalize.

Narudia maji, Mwanaidi: chupa za chuma mnazo, au nimpe Abdi akija mwezi ujao? Mko wangapi? Mama yake Meenakshi anakuja? Mitihani ya Kulwa itakuwa imekwisha? Na Kumily mmeshapata chumba, au ndiyo kwanza mnaulizia? Nijibu kabla Abdi hajafunga mizigo.

Wako,
Rukia