Siku zikipitiliza, uniambie

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo, bibi yako na wadogo zako wanakusalimu. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na wewe unaanza kidato cha tatu ukiwa umepanga chumba Masasi mjini na wenzio wawili. Kila nikianza kukuambia jambo hili kwa mdomo unanijibu "najua, mama", unashika simu. Basi nimeandika. Usome mpaka mwisho.

Ni habari ya mimba, na ya yule binti mwanafunzi wa kwenye tamthilia ya kigeni tuliyokuwa tunaitazama. Unamsifu kwamba ana msimamo: amekataa kuolewa na yule fundi magari, amezaa, amerudi darasani. Hayo simlaumu. Kinachonitisha ni kwamba alificha tumbo miezi mitano, akavaa sweta la kaka yake na kujifunga kitambaa kiunoni, na wewe ukasema "ana akili huyu". Hapana, mwanangu. Mimi ni mkunga, najua ile miezi mitano inavyokula watu.

Najua pia tulichokuwa tunasema pale sebuleni. Baba yako alisema angekuwa mtoto wake angemfukuza, na mimi nikaitikia. Yale yalikuwa maneno ya kwenye kochi. Ikitokea kwako nitalia, pengine nitafoka, lakini mlango hautafungwa, na baba yako niachie mimi. Siku zikipitiliza, uniambie.

Sasa hesabu, kwa sababu tamthilia inaruka. Leo kichefuchefu, kesho tumbo, keshokutwa mtoto kavalishwa kofia. Umri wa mimba hauanzii siku mliyokutana na mwanaume, unaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wasichana wengi wanakosea hapo, anajiona ana mwezi mmoja kumbe ni wiki 6. Tia alama kwenye kalenda kila hedhi inapoanza. Kama ya mwisho ilianza tarehe 10 Machi, ongeza siku 7, inakuwa 17, kisha rudi nyuma miezi 3: kujifungua kunatarajiwa tarehe 17 Desemba, wiki 40. Kwa umri wako hedhi huweza kuruka bila mimba, kwa hofu ya mitihani, kwa kukonda, kwa kuumwa. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakutoshi kujua, na kipimo kipo.

Kipimo cha mkojo kinauzwa duka la dawa, na zahanati kipo. Tazama kwanza tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa maji, kwa sababu maji yanauzimua na kipimo kinaweza kukuambia hakuna wakati ipo. Chovya mpaka alama iliyochorwa, usiivuke, kisha kilaze mahali palipo sawa usome baada ya dakika 5. Mistari miwili ni mimba, hata huo wa pili ukiwa hafifu wa kutafuta kwa jicho. Mstari mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki. Mstari wa juu, ule unaoonyesha kipimo kinafanya kazi, usipotokea kabisa, kipimo ni kibovu, nunua kingine. Kilichosahaulika mezani nusu saa usikisome. Na kabla hujakitupa, nipigie.

Kuna hatari moja ya mapema ambayo kwenye tamthilia sikuiona ikitajwa. Mimba ikitunga nje ya kizazi, kwenye mrija, haina pa kukulia, na mrija hupasuka mapema, mara nyingi kabla tumbo halijaonekana. Dalili ni maumivu makali chini ya kitovu, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu, bega kuuma bila sababu, damu kidogo ukeni. Damu yenyewe inamwagikia ndani, kwa hiyo nguo haikuonyeshi ukubwa wa hatari. Hapo ni hospitali ya Mkomaindo saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na umwambie muuguzi wa kwanza unayemkuta kwamba siku zako zimepita. Msichana anayeficha husema "tumbo tu", akapewa dawa ya tumbo.

Nije kwenye uamuzi wake. Unakumbuka yule mshauri alimkalisha akamwekea njia tatu mezani, kama mtu anachagua kitenge. Nchi yao ina sheria yake. Huku kwetu Kanuni ya Adhabu inampa anayemtoa mwenzie mimba hadi miaka 14, na mwenye mimba akijitoa mwenyewe hadi miaka 7. Sheria inamkinga daktari anayefanya hivyo kuokoa uhai wa mama. Kwa hiyo inayobaki mitaani ni biashara ya uchochoroni: vidonge visivyo na pakiti, mizizi ya kuchemsha, na mtu ambaye anajua wazi kwamba msichana hatarudi kulalamika. Yanayoharibika ni yale yale siku zote. Kipande kinabaki ndani, damu haikati. Baada ya siku mbili tatu homa inapanda na uchafu unatoka wenye harufu. Usaha ukiingia kwenye mirija unaweza kuiziba, na mtu anakuja kutafuta mtoto akiwa na miaka 28 hapati. Mwenzio yeyote pale chumbani akifika huko, analowesha pedi mbili ndani ya saa moja au ana homa na tumbo linauma, mpelekeni hospitali, msimfungie ndani mkingoja kupambazuke. Kusafisha kizazi na kutibu maambukizi ni kazi yetu, tunaifanya. Aseme ukweli amekunywa nini, maana dawa tunayompa inategemea jibu hilo.

Kumpa mtu mtoto, kama yule binti alivyotaka kwa karatasi moja mezani, hakupo hivyo. Kuasili kunapita Mahakama Kuu, na maafisa ustawi wa jamii wanachunguza. Ila kwetu kusini wewe unajua, mtoto ni wa upande wa mama, bibi analea na mjomba anasimama. Huyo mtoto asingekosa mkeka.

Mjomba wako lakini asije na hoja ya kuyafunika kwa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hapo ninampenda yule binti kwa moyo wote, alivyomrudishia fundi pete mbele ya watu. Unyago ulichezwa, somo yako alikufunda, lakini kuchezwa unyago hakujamfanya mtu wa miaka 16 kuwa mke.

Na huyo fundi, tamthilia imemwacha anatembea. Kwetu, kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama aliridhia, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 kumpa mwanafunzi mimba kuna kifungo cha miaka 30. Ndiyo maana wanaume wanakuomba usiwataje. Lifti ya bure ya bodaboda kila siku, chips mayai, vocha, halafu "tufanye siri yetu". Mwanaume akikulazimisha, usioge, usifue nguo. Nenda kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ila kama hospitali iko karibu zaidi anza hospitali, fomu itafuata. Dawa ya kuzuia VVU inatolewa ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba kadiri unavyoiwahi ndivyo inavyofanya kazi. Simu ya 116 ni ya watoto, haina malipo. Uniambie mimi pia, hata kama ni mtu tunayemheshimu. Hasa kama ni mtu tunayemheshimu. Na aliyekupa mimba akiikana, kuna vinasaba, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai matunzo.

Sasa kwa nini nang'ang'ania uniambie mapema, kabla ya wiki 12. Kliniki ya kwanza inatakiwa kabla ya hapo, na yule binti alifika ana wiki 22. Siku ile ya kwanza tunapima wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria, mkojo na shinikizo la damu. Kaswende ikikamatwa mapema inatibiwa kwa sindano, ikiachwa inamfuata mtoto tumboni na inaweza kumuua. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11 ni upungufu, na wasichana wa huku wengi wanaanza tayari wako chini kwa sababu ya malaria na minyoo. Unapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, kimoja kila siku. Wengi wanaviacha kwa kichefuchefu au wanaogopa choo kuwa cheusi, na weusi huo ni wa kawaida. Wengine wanavimeza kwa chai, na chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Meza kwa maji, ule chungwa au bibo, chuma kinapenda uchachu. Dawa ya kukinga malaria, SP, inaanza wiki ya 14, kisha kila baada ya mwezi, unaimeza mbele ya nesi. Chandarua unapewa, na ni cha kulalia, usikifanye pazia. Chanjo ya pepopunda ni mbili, zikipishana wiki nne. Aliyefika wiki 22 amekosa miezi ya yote haya, na mtoto wake amekosa pia.

Mimba ya kwanza, tena ya mtu mdogo, ina kifafa cha mimba karibu. Shinikizo likifika 140 kwa 90 na protini ipo kwenye mkojo, tunakuwa macho. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: hilo ni jambo la hospitali, halina uhusiano na kurogwa. Nyonga nayo katika umri wenu inaweza kuwa bado haijamaliza kukua, kichwa cha mtoto kikakwama. Uchungu ukipita saa 12 bila mtoto, kila saa inayoongezwa nyumbani inaongeza hatari. Kichwa kinabana kibofu kwenye mfupa, nyama inakufa, na baada ya siku kadhaa mkojo unaanza kutiririka wenyewe. Ndiyo fistula. Inatibika, lakini wanaoificha ni wengi kuliko wanaofika. Unaona nilivyorudi pale pale. Kuficha.

Shule. Yule binti alirudi darasani kama aliyetoka likizo, nywele zimesukwa. Hapa kuanzia mwaka 2017 tuliambiwa aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza wanarudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoka. Una nafasi ndani ya miaka miwili, shule ile ile au nyingine, na mzazi ndiye wa kwenda kwa mkuu wa shule. Ukishindwa mfumo huo kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Lakini kurudi kwa kweli kuna mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee miezi 6, usiku na mchana, na mitihani ya Novemba haimsubiri. Matokeo yako ya kidato cha pili yamenitoa machozi ya furaha, nimeyaonyesha kituo kizima. Sitaki uyapoteze kwa kutegemea ile miaka miwili ya ruhusa.

Kuhusu kujikinga, hili nalisema kama mama na kama nesi: kusubiri ndiyo ombi langu. Ila kama ipo siku hutasubiri, usitegemee kuhesabu "siku salama". Hedhi yako bado inayumba na mbegu za mwanaume zinaishi ndani hadi siku 5. Kondomu inakinga mimba na magonjwa pamoja, sindano inakinga miezi mitatu na haikingi magonjwa. P2, dawa ya kuzuia mimba baada ya tendo, ni ya dharura, si ya kila Jumamosi. Ukiona aibu kuniuliza, muulize nesi wa kituo cha karibu, lakini uulize.

Mengine ya nyumbani. Malipo ya korosho ya mnada wa mwisho chama cha msingi hakijatuingizia, kwa hiyo kodi nimetuma ya miezi mitatu tu. Mpe mama mwenye nyumba mkononi, akusainie kwenye daftari. Mabati ya jikoni yanavuja na mvua ndiyo hii, baba yako anasema Jumamosi, tusubiri tuone. Mdogo wako alikuwa na malaria, amemaliza dawa, ameanza kula. Kwenye mzigo kuna unga wa muhogo, mbaazi debe nusu, chumvi, na chupa ya mafuta nimeifunga kwenye kanga isimwagike, tena kanga hiyo ni ya bibi yako, irudi. Ming'oko ule kwanza, haikai. Komeo la mlango wenu limelegea, nililitazama siku ile. Mwite fundi abadilishe parafujo ziwe ndefu, nitamlipa kwa simu, na awepo mwenye nyumba wakati anafanya kazi.

Ukifika tu, piga simu.

Mama yako