Harufu ina mwenyewe: barua kwa wanangu wapangaji

Wanangu mliopanga Tandika, Manzese, Mbagala na kote mnakodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo,

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, kwa kuwa nina mengi ya kusema na mwandiko wangu siku hizi unakwenda polepole.

Mimi ni bwana afya mstaafu. Nimekagua vyoo, mabucha na vyumba vya kulala Pangani, Tanga na Dar es Salaam mpaka magoti yakagoma. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea mjukuu wangu katika chumba alichopanga. Kijana nadhifu, ana kazi yake, ana godoro la tano kwa sita na televisheni ukutani. Nilipobisha hodi aliniambia, "Subiri kidogo, babu," kisha nikasikia kopo: tsss, tsss, tsss. Mlango ulipofunguliwa nilipokewa na harufu ya malimau ambayo hayajawahi kuota juu ya mti. Nyuma ya malimau kulikuwa na taulo bichi. Nyuma ya taulo, viatu. Nilikohoa mpaka akaniletea maji. Juu ya kabati nilihesabu makopo matatu ya kupuliza, mawili yamekwisha.

Kiswahili kimetupa kunuka na kunukia, na kinachoyatenganisha ni irabu moja tu. Kopo lile hufanya chumba kinuke na kinukie kwa wakati mmoja. Haliondoi kitu. Linaongeza matone ya manukato juu ya uvundo uliokuwapo, na mwenye pumu anavuta vyote viwili.

Katika kazi yetu tulikuwa tunaambizana kwamba harufu ina mwenyewe. Mtafute mwenyewe kwanza. Pua ya anayelala humo haifai kwa kazi hiyo, imekwisha kuzoea. Nilimtoa mjukuu wangu nje, tukakaa barazani robo saa tukiongea habari za mpira, kisha nikamwambia aingie peke yake, mdomo ameufunga, anuse. Alitoka amekunja uso. "Babu, ni godoro."

Lilikuwa godoro kweli. Limelazwa chini kwenye saruji, limegusa ukuta, na upande wa ukutani lilikuwa na madoa meusi ya kuvu, mnayoita fangasi. Mtu hutoa jasho na mvuke usiku kucha; godoro lililo juu ya kitanda cha chaga linapumua kwa chini, lililo juu ya sakafu linabaki na maji yake. Masika ikiingia na ukuta ukavuta unyevu kutoka ardhini, basi hapo umelala juu ya shamba. Nunueni chaga. Msipoweza, tafuteni zile paleti za mbao zinazobebea mizigo, zianikeni zikauke, zitieni chini ya godoro, na acheni kiganja kimoja kati yake na ukuta. Jua likitoka, godoro liende uani, lisimamishwe, ligeuzwe adhuhuri. Mama zetu hawakuwa na jina la vijidudu lakini kila jua lilipowaka magodoro ya sufi yalikuwa nje.

Ile kuvu ya ukutani usiipanguse kavu kwa ufagio, utaisambaza chumba kizima na kifuani mwako. Loweka kitambaa kwa siki, futa, acha saa moja, futa tena kwa maji, kausha. Kama inarudi baada ya wiki mbili, mwenyewe si ukuta, ni paa linalovuja au bomba lililopasuka ndani, na hapo mwenye nyumba lazima aitwe. Mwiteni kwa adabu, ila mwiteni.

Sasa hewa. Wengi wenu mko katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba huku na huku. Waliobuni ramani ile hawakuwa wajinga. Mlango wa mbele na wa uani vikiwa wazi, ukumbi ni mfereji wa upepo, na chumba chenye dirisha nje na mlango ukumbini kinapata njia ya kuingilia na njia ya kutokea. Upepo unahitaji vyote viwili. Dirisha moja peke yake, mlango umefungwa, ni kama kupuliza ndani ya chupa. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kusi inashika baada ya hapo. Jueni dirisha lenu linatazama wapi. Lakini nimeona nini mwaka huu? Kabati limeegemezwa dirishani. Pazia zito la kitambaa cha sofa. Na wavu wa mbu uliojaa vumbi mpaka umekuwa ukuta wa pili. Chukueni brashi ya viatu na maji ya sabuni, usugueni wavu huo, mtashangaa.

Mtaniambia wezi. Najua. Ndiyo maana nasema asubuhi, mkiwa mnajitayarisha kwenda kazini, nusu saa mlango na dirisha viwe wazi. Na jioni mkirudi, tena. Chumba kisicho na upepo wa kutosha, weka feni dirishani ikitazama nje, isukume hewa nzito itoke, na mlango uachwe wazi uvute hewa mpya. Mjukuu wangu alinicheka kwa hilo. Aliacha kucheka baada ya dakika kumi.

Jambo hili kwangu si la manukato. Mwaka 1973, nikiwa kijana, watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakasikiliza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Huko ndiko nilikopendea kazi hii. Nilipoajiriwa nikaona vyumba ambamo mmoja anakohoa kifua kikuu na saba wanalala naye, dirisha limezibwa kwa gunia. Ugonjwa ule husafiri hewani. Dirisha lililo wazi hupunguza vijidudu ndani ya chumba, na jua huviua. Hakuna kopo linalofanya kazi hiyo.

Choo nakipitia haraka kwa kuwa mnakichangia na hakuna anayekubali kuwa ni chake. Cha shimo: majivu kila mkishakitumia, na mfuniko. Kama kina bomba la hewa, hakikisheni juu lina wavu na halijazibwa. Tundu la bomba lile ndilo linalovuta uvundo utoke juu. Cha maji: chini ya sinki na sakafuni bomba lina kiwiko, na kiwiko kinatakiwa kishike maji kidogo muda wote, maana maji hayo ndiyo kizibo cha gesi ya shimoni. Ukisafiri kwenda kijijini wiki tatu, maji yanakauka na ukirudi nyumba inanuka kama imefiwa. Mwagia ndoo nusu. Nimewahi kuitwa nyumba moja walikokwisha kulipa fundi avunje sakafu, nikamaliza shauri kwa jagi la maji. Sikudai hata soda.

Kuna harufu zinazoondolewa kwa vitu vya jikoni tu. Kwa nini samaki anaoshwa kwa ndimu? Shombo ni ya upande wa magadi, na asidi ya ndimu huifunga isiruke. Basi ndimu hiyo hiyo isugueni kwenye ubao, kisu na mikono. Mkojo wa mtoto kwenye mkeka ni hivyo hivyo: siki na maji. Jasho la viatu ni kinyume, lenyewe ni asidi, linataka magadi soda: kijiko kimoja ndani ya raba usiku, asubuhi kung'uta vizuri, na usitie kwenye viatu vya ngozi. Mkaa mkavu kwenye bakuli ndani ya kabati unanyonya harufu kidogo. Haufanyi miujiza, lakini haudai kitu. Jambo moja nawaombeni mlishike kama namba ya siri: siki au ndimu na jiki havichanganywi kamwe, wala jiki na ile dawa kali ya kusugulia choo. Inatoka gesi ya klorini, na imeshawatoa watu chooni wakiwa wamebebwa.

Na vile vidonge vyeupe vya kabatini, vya kufukuzia nondo, vinavyonuka mpaka barabarani, mnaotarajia watoto viondoeni. Vinayeyuka hewani, na ile ni sumu. Huku kwetu wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na mtoto wa namna hiyo akifungwa katika kanga zilizokaa na vidonge hivyo, damu yake inaweza kuvunjika, akawa wa manjano. Karafuu kiganja kimoja ndani ya kitambaa zinatosha kwa kanga.

Hapo ndipo nimfikie marehemu mke wangu, mwanamke wa Wete, Pemba, aliyeamini kuwa mimi na dawa zangu za serikali hatukujua lolote kuhusu kunukia. Asumini alizichuma jioni zikiwa bado vitumba, akazitandaza mtoni, yaani juu ya mto wa kulalia, zikachanua usiku. Mrehani aliupanda chini ya dirisha, upepo ukiingia unapita humo kwanza. Siku za wageni alitia mdalasini, karafuu tano sita na mchaichai katika sufuria ya maji, moto mdogo. Ila kumbukeni kwamba mvuke ni unyevu, kwa hiyo chumba chenye kuvu hakifai sufuria hiyo.

Na udi. Ijumaa chetezo kilizunguka chumba kwa chumba. Mti wa udi hauoti kwetu, unatoka Asia, na kinachonukia ni utomvu ambao mti huutoa ukishaingiwa na kuvu. Mke wangu alipojua hilo alifurahi sana, akaniambia hata kuvu ina mahali pake. Lakini moshi ni moshi. Nakiri hili mbele yenu: mimi, bwana afya, nilikaa kimya miaka kwa sababu harufu ilinipendeza, mpaka usiku mmoja kifua cha mjukuu wa miaka mitatu kikaanza kupiga filimbi, tukambeba kwenda hospitali kwa teksi. Baada ya hapo udi ulifukizwa watoto wakiwa nje, madirisha wazi, kipande kidogo kama ukucha, moshi ukitoka ndipo tukaingia. Harufu ilibaki kwenye mapazia vilevile.

Mkaa wa chetezo uwasheni nje mpaka ushike wote. Jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa, hata Njombe mwezi wa saba meno yakigongana. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua yote niliyowafundisha hapa haitawasaidia.

Jana mjukuu wangu amenitumia picha: godoro liko uani, limesimamishwa, na mbuzi wa jirani amelala kivulini mwake. Makopo ameyafanya ya kupandia mrehani baada ya kuyakata. Nimemgombeza, makopo ya kupuliza hayakatwi wala hayachomwi moto, yanalipuka. Nakuja tena Desemba. Sitabisha hodi. Nitapita kwanza dirishani.

Babu yenu, Tanga